Maharage ya Upande wa Migomba

Raihana aliyaweka maharage motoni mara tu baada ya swala ya alfajiri, akasukumia kuni mbili nene kati ya mafiga, akaenda kupalilia. Aliporudi saa tano, maji yalikuwa yanachemka vizuri na maharage yalikuwa baridi. Alichota moja kwa mwiko, akaliweka ulimini, akalitema. Lilikuwa na ubaridi wa kokoto ya mtoni. Aliongeza maji, akachochea moto, na adhuhuri akawapa watoto mihogo na mboga ya lengalenga, akawaambia maharage ni ya jioni. Jioni pia yalikuwa baridi.

Hakulalamika. Alikuwa amefanya kazi bandarini kwa muda mrefu, katika ofisi ya wakala wa kutoa mizigo, ambako diploma yake ilitumika kujua ni mfuko upi wa saruji ulilowa ukiwa melini na ni upi ulilowa baada ya kushushwa. Mtu aliyezoea kazi hiyo hashangazwi na kitu kugoma. Anatafuta kiligomea wapi.

Walikuwa wamehamia kilima cha Rugoyi, juu ya Kibenga, mwaka ule ambao esansi, petroli ya magari, ilipotea mjini kabisa. Malori yalisimama, wakala akafunga ofisi, na katika gereji ya mumewe Hamissi huko Buyenzi magari yalikuja yakisukumwa na kurudi yakisukumwa. Raihana alimwambia Hamissi kwamba mtu mwenye shamba hapangi foleni ya kitu chochote. Walichukua watoto wao, Anouar na Mwanasiti, wakachukua majembe, mbuzi mmoja wa maziwa na taa ya jua. Friji ilibaki kwa wifi yake, ambaye aliigeuza kabati la nguo. Hamissi alibaki na gereji siku za kazi na kupanda kilimani kila Jumamosi kwa baiskeli.

Shamba walilinunua kwa kijana mmoja aliyeitwa Népomuscène, aliyetaka kununua pikipiki ya kubebea abiria na hakutaka kungoja. Siku ya kuandikiana alisema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo:

"Mama, iko kitu kimoja. Giseke ya dada yangu iko pale, upande wa migomba."

Raihana alijua Kirundi cha sokoni. Giseke ni kikapu.

"Hakuna shida," alisema. "Nitamutunzia."

Népomuscène alimtazama, akatazama viatu vyake mwenyewe, akasema Mungu amubariki. Wakamaliza. Na kweli, katika jiko dogo lililokuwa karibu na migomba, Raihana alikuta kikapu chenye kifuniko kikiwa kimetundikwa kwenye boriti. Alikipangusa vumbi, akakifunika kwa kipande cha chandarua, akakirudisha mahali pake. Kwa upande wake jambo hilo lilikuwa limekwisha.

Msimu wa kwanza alilima kote. Upande wa juu ulikuwa na mawe, upande wa migomba ulikuwa na udongo mweusi unaonata kwenye jembe. Mbegu ilikuwa moja, mvua ilikuwa moja, na alipanda kwa mstari na kamba kama alivyofundishwa na jirani yake Orpha. Maharage yalichanua pamoja, yakakauka pamoja. Ila alipoyapiga na kuyapepeta, gunia la upande wa juu lilikuwa moja na magunia ya upande wa migomba yalikuwa mengi. Aliyapanga ukutani akayatazama kwa ridhaa. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha nyumba yake hadi msimu mwingine. Gunia la juu peke yake lisingewafikisha hata nusu ya njia, na baada ya hapo ingebidi warudi Buyenzi, wakalale wote wanne katika chumba kimoja kwa wifi yake, pembeni ya friji yenye nguo.

Kwa hiyo alipogundua kwamba maharage ya juu yanaiva kwa muda wa kawaida na maharage ya migomba hayaivi kabisa, alilichukulia jambo hilo kwa uzito.

Aliloweka usiku kucha. Alitia magadi. Aliazima sufuria ya presha kwa wifi yake, ikapiga mluzi mpaka mbuzi akakata kamba, na maharage yakatoka kama yalivyoingia. Aliyachanganya na ya juu katika chungu kimoja: ya juu yaliiva, ya migomba yalibaki katikati yake magumu na ya baridi, na watoto wakajifunza kuyachagua kwa ulimi na kuyatema pembeni mwa sahani. Alipika pia lengalenga iliyoota upande ule. Ilikaa ndani ya maji ya moto ikiwa mbichi na imesimama wima, kama ua ndani ya chupa.

Jumamosi Hamissi alipanda na bomba lake la kuchomelea limefungwa nyuma ya baiskeli.

"Leta hapa hiyo kiburi," alisema.

Aliweka maharage kwenye kipande cha chuma, akavaa miwani, akawasha. Maharage yaligeuka mekundu, halafu meupe, yakatoa mlio mwembamba. Alipozima yalirudia rangi yake ya madoadoa, na Mwanasiti akayaokota kwa vidole bila kuungua.

Hamissi alivua miwani, akayapindua kiganjani kwa heshima ya fundi.

"Mama Anouar, wallahi, we haukulima maharagi. Umelima gololi."

Alirudi Buyenzi na kiasi cha mfuko wa shati. Aliyatia katika gurudumu la Shaabani, dereva wa taksi ya baiskeli, ambaye gololi zake zilikuwa zimekwisha na nyingine zisingepatikana mpaka meli ije. Gurudumu lile lilizunguka bila grisi na halikupiga kelele. Wiki hiyo Hamissi alipata wateja wengine. Raihana alimwambia kwamba hiyo ni habari njema, lakini watoto hawali magurudumu.

Aliyemweleza ni Orpha. Orpha alikuwa mwanamke wa kanisa la Pentekoste, mwenye sauti kubwa, aliyekuja kuazima chumvi na kukaa zaidi kuliko chumvi inavyohitaji. Aliona chungu kinachemka, akachungulia, akachota.

"Iyi ulivuna wapi?"

"Upande wa migomba."

"Aa. Njo vile. Ile ni giseke ya Adélaïde."

"Kikapu cha Adélaïde kiko salama," alisema Raihana. "Kiko jikoni. Nimekifunika."

Orpha alimtazama, akatazama jikoni, akakaa chini taratibu ili acheke vizuri.

"Yesu wangu! Amefunika kikapu! Mama Anouar, muke wa bureau, diplôme yote ile, na umefunika kikapu!"

Raihana alingoja amalize. Orpha alipofuta machozi alimweleza. Baba mwenye binti humkatia pembeni mwa shamba kipande cha kujaza kikapu, na hicho ndicho giseke. Binti hata akiolewa mbali hurudi kuvuna pale, na mumewe akifa, au akifukuzwa, pale ndipo anapotegemea. Hawezi kukiuza, na watoto wake hawakirithi. Siku akifa kinarudi kwa kaka zake. Baba wa Népomuscène alikuwa mtu mkarimu, akamkatia Adélaïde upande wa udongo mweusi.

"Na kaka akiuza shamba lote?"

"Anauza. Nani atamukataza? Muke hana shamba."

"Basi nimenunua kihalali."

"Ego, kweli umenunua," Orpha alisema. "Lakini maharagi haiwezi kujua kama imeuzwa."

Akaongeza kwamba hilo si jambo geni. Kwa akina Benite ilikuwa mihogo, waliichemsha tangu Noeli mpaka Pasaka. Upande wa pili wa mto, kwa Chabani, viazi viliiva sawasawa lakini havikushibisha mtu, na nyumba nzima ilikonda ikiwa inakula. Mwisho watu huenda kumtafuta dada.

"Adélaïde yuko wapi?"

"Kiriri. Anafulia wakubwa. Bwana alikufa, wakwe wakamutoa. Na chumvi yako, nitarudisha kesho."

Raihana alijaza maharage kwenye kikapu kile cha jikoni, akamwachia Anouar chungu motoni, akashuka kwa miguu mpaka barabarani, akavuka mji, akapanda Kiriri. Nyumba ilikuwa na ukuta mrefu na gari mbili zisizo na esansi uani. Adélaïde aliishi chumba cha nyuma pamoja na binti yake Orlane, ambaye alikuwa amekaa mlangoni anasoma kitabu cha kemia. Pembeni yake palikuwa na mbabula, jiko la makaa lisilo na hata kaa moja, na juu ya mbabula palikuwa na sufuria ya maji inayochemka.

Adélaïde alitoka na povu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, na alimtazama mgeni kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka vumbi la miguuni.

"Ni we muke wa Buyenzi?"

"Ni mi."

"We njo unanichemushia maji?"

Raihana aliitazama mbabula tupu. "Maji haya yanachemka saa ngapi?"

"Asubuhi sana, paka saa sita. Halafu magharibi. Tangu watu wavune. Sijanunua makaa, patron anafurahi, mashuka yake yanafuliwa na maji ya moto kama hôpital." Adélaïde alijipangusa kwa kanga. "Ila ile Jumamosi, mama, apana. Ile Jumamosi sufuria ilitoboka. Alumini kabisa, ikadondoka kama maziwa. Mulikuwa munapika nini?"

"Ni bwana yangu. Alitumia bomba la kuchomelea."

"Mwambie atanipa sufuria."

"Atakupa," alisema Raihana, na ndivyo ilivyokuwa baadaye. Kisha akamkabidhi kikapu. "Na hiki ni chako. Nilikitunza."

Adélaïde alikigeuza, akatazama tako lake, akanusa.

"Iyi si yangu. Iyi ni ya muke wa Népo. Alikuwa anatunza ndani vitunguu."

Wote wawili walikitazama kikapu. Orlane alifunika uso kwa kitabu cha kemia, mabega yakamtikisika. Kisha Adélaïde akayamimina maharage katika maji yaliyokuwa yakichemka na kurudi kwenye mashuka yake. Kabla hajamaliza kukamua shuka la pili, harufu ilijaa ua. Aliyapakua bila chumvi, na yalikuwa yameiva, laini, yanapasuka ngozi. Raihana alikula sahani yake yote. Ilikuwa mara ya kwanza kuonja mavuno yake ya upande wa migomba.

"Bon," alisema Adélaïde. "Unataka nini?"

"Nataka kula. Chakula changu cha mwaka kiko kwenye udongo ambao unakujua wewe, haunijui mi."

"Rudisha udongo."

"Apana. Nimeununua, na pesa zimeshakuwa pikipiki. Nina watoto wawili."

Adélaïde alitafuna, akafikiri. "Angalau we husemi uongo. Népo alilia. Alikuja hapa akalia, akasema ni njaa, halafu akaenda kununua kofia ya pikipiki." Alimwelekeza Orlane kwa kidevu. "Mi sitaki nusu ya magunia. Yaani nusu ninataka, lakini si ile tu. Giseke inakufa na mi. Siku nitakufa, maharagi itaiva kwako bila tabu, na huyu hatakuwa na pahali hata pa kusimama. Ninataka Népo aseme mbele ya watu: ile ni ya Adélaïde, na baadaye ya Orlane. Maneno ayo. Akisema, mi nitakupikia paka uzeeke."

Raihana aliona kwamba bei hiyo ni ya haki, hasa kwa kuwa si yeye wa kuilipa. Alisema wataenda pamoja.

Mkuu wa kilima aliitwa Darius. Aliwakusanya watu mbele ya ghala la ushirika siku ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi hakuna soko. Népomuscène alifika akisukuma pikipiki yake. Alikuwa ameisukuma kutoka chini, kofia kichwani, kwani esansi hakuwa ameiona mwezi mzima, na aliiegemeza mahali ambapo kila mtu angeiona.

Darius aliamuru vyungu viwili. Raihana alichochea cha kwanza, Adélaïde cha pili, na maharage yalitoka gunia moja. Watu waliongea habari nyingine wakingoja. Hatimaye Darius alitia kijiko huku na huku, akauma hili, akauma lile, akasugua jino.

"Iko vile," alisema. "Tumuone ndugu."

Népomuscène alivua kofia ya pikipiki. Alisema anampenda dada yake. Alisema giseke haikuwahi kuwa mali, ilikuwa huruma ya baba, na baba amekufa.

"Na huruma ilikufa naye?" aliuliza Orpha kutoka nyuma.

Watu walicheka. Népomuscène alicheka pia, kwa adabu, akaendelea. Mwanamke hana shamba, na desturi hiyo hakuianzisha yeye, aliikuta. Akisema leo kwamba kile kipande ni cha Adélaïde na halafu cha Orlane, kesho kila dada wa kilima hiki atakuja na binti yake, na wanaume watalima wapi? Hapo wanaume kadhaa waliacha kucheka.

Adélaïde alisimama. "Népo, mi sikuombi shamba. Shamba umeshauza. Ninakuomba mudomo, useme tu."

"Dada, mudomo njo shamba," alisema Népomuscène, na hilo lilikuwa jambo la kweli kuliko yote aliyosema siku hiyo.

Darius aliwatazama wanaume wa kilima, akatazama vyungu. "Maharagi nimeona," alisema. "Sheria sijaona. Shamba ni la mama wa Buyenzi, aliandikiwa. Maharagi ya upande wa migomba, Adélaïde njo atakuwa anapika. Baada yake tutaona." Baada yake, kila mtu alijua, hakuna atakayeona kitu. Raihana alikuwa ameleta kreti ya Fanta badala ya pombe ya ndizi, na wazee waliipokea bila furaha, wakainywa, wakaondoka.

Jumamosi Hamissi alisikiliza habari yote huku akiosha mikono kwa mchanga na sabuni.

"Tumurudishie?" aliuliza.

"Halafu tule nini?"

Hamissi alichota mchanga mwingine, akaendelea kusugua mikono. Raihana alilifikiria jambo hilo akikamua mbuzi, akalifikiria tena akifunga migomba iliyolemewa. Kwao Waislamu binti hupata nusu ya fungu la mwanamume, imeandikwa na haina mjadala, na hata hivyo shangazi zake wawili walikuwa wameipata nusu yao ikiwa maneno matamu na chai tu. Hakujidanganya kwamba yeye ni bora kuliko Népomuscène. Yeye alikuwa na karatasi na watoto wawili, na upande wa juu ulikuwa na mawe. Alibaki na shamba.

Ila hakupenda kazi ifanyike nusu, kwa hiyo alipanga mambo. Kila Jumapili baada ya misa, Adélaïde na Orlane walipanda Rugoyi. Adélaïde alivua viatu vya kanisani, akavitundika kwenye mgomba, akachukua jembe lake. Ule upande waliulima pamoja, na mavuno wakayagawa katikati, debe kwa debe. Kisha Adélaïde aliwasha moto kwa mkono wake na kupika chungu cha wiki nzima. Yakishaiva kwake, yalikubali kupashwa moto na mtu yeyote. Raihana alijaribu siku ya kwanza ili ajue, na hakuwa na haja ya kujaribu tena.

Kabla ya kuwasha, lakini, ilikuwa lazima aombwe.

"Adélaïde, tupikie."

"Mi sisikie."

"Adélaïde, tafadhali."

"Wa Buyenzi munajua heshima kuliko iyo."

"Dada Adélaïde, tunakuomba, tupikie."

"Njo vile," alisema Adélaïde, na akapiga kiberiti. Anouar na Mwanasiti waliupenda mchezo huo na walishindana kuomba. Raihana hakuupenda, lakini aliomba kila Jumapili, kwa sauti ya kusikika, kwa sababu aliona kwamba ni kitu kidogo kuliko anachokipata.

Walikula vizuri mwaka ule. Maharage na mawese, ndizi zilizopikwa na ndagala, dagaa wa ziwani, maboga, maziwa ya mbuzi. Anouar alinenepa mashavu. Hawakununua chochote sokoni isipokuwa chumvi, sabuni na viberiti, na chumvi ilikwenda nusu kwa Orpha. Kutoka mlangoni waliona ziwa lote, milima ya Kongo ng'ambo, na vituo vya esansi vya mjini vyenye magari yaliyopangwa kama shanga. Raihana alipoona magari hayo asubuhi alipalilia kwa kasi zaidi.

Lalamiko lilikuja kutoka Kiriri. Tangu maharage yaanze kuiva kilimani, mbabula ya Adélaïde ilikuwa imepoa.

"Sasa ninanunua makaa kama watu wote," alisema. "Patron ananiuliza, maji ya moto yalienda wapi? Nimujibu nini?"

"Unafua mashuka siku gani?"

"Jumatano."

Basi kila Jumatano, baada ya swala ya alfajiri, Raihana aliweka motoni ngumi moja ya maharage mabichi ya migomba, akaongeza kuni, akaenda zake shambani. Saa sita aliyatoa yakiwa baridi, akayaanika kwa ajili ya Jumatano nyingine. Alitumia yaleyale. Hamissi alikuwa amemkataza kabisa kuwasha bomba lake karibu na jiko.

Mavuno ya msimu wa pili yalizidi ya kwanza. Walipomaliza kupepeta waliita watu, kwa sababu kwenye kilima mtu havuni akajifungia. Walikuja Orpha na wa kanisani kwake, alikuja Darius, alikuja hata Shaabani kwa baiskeli yake isiyo na kelele. Hamissi alitandika mikeka chini ya kivuli cha nyumba. Adélaïde aliombwa, akawasha, akapika vyungu vitatu.

Népomuscène alifika bila kuitwa, akisukuma pikipiki. Alikaribishwa. Hakuna aliyewahi kumfukuza mtu kwenye mavuno, na Raihana alimletea maji ya kunawa mwenyewe. Orlane alimpakulia kutoka chungu kilekile ambacho wote walikuwa wanakula, sahani iliyojaa, na mawese juu. Aliketi kwenye mkeka, akafanya ishara ya msalaba, akatia kijiko kinywani.

Sauti ilisikika mpaka kwa watoto. Ilikuwa kama mtu anatembea juu ya changarawe.

Népomuscène alitafuna. Alitafuna upande wa kulia, akahamishia kushoto, macho yakiwa mbele, na alipomeza, kila mmoja aliona kinapita kooni. Akachota kijiko cha pili.

"Iko muzuri," alisema. "Imeiva."

Adélaïde alichukua kigoda, akakaa mbele yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na alikuwa na unga wa majivu kwenye mkono mmoja.

"Népo. Watu wote wako hapa. Mukuu wa kilima uyu hapa. Sema sasa, ile ni ya nani. Sema, na kijiko yako ya tatu itakuwa laini kama ya wengine."

Watu waliacha kula, wapate kusikia. Darius alitazama sahani yake. Orlane alisimama na upawa mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kupanda kilimani hakuwa na kitabu.

Népomuscène alimtazama dada yake, akamtazama Orlane. Wale waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba macho yalimlowa, na inawezekana, kwa kuwa alimpenda kweli. Kisha alichota kijiko cha tatu, kikubwa kuliko viwili vya kwanza, akakitia kinywani, akafunga mdomo. Kitu kilikatika. Alitoa kipande cha jino kwa vidole viwili, akakiweka kwenye ukingo wa sahani, taratibu, kama mwiba wa samaki.

"Asante, dada," alisema. "Uniongezee kidogo."

Adélaïde alimwongezea.

Mazungumzo yalirudi polepole, juu ya mbolea, juu ya mvua. Wageni walinawa, wakaaga mmoja mmoja, kila mmoja na kikombe cha mbegu mkononi. Jua lilikuwa bado juu na udongo ulikuwa umelainika na manyunyu ya asubuhi, na siku kama hiyo mtu haiachi. Raihana alifunga kanga kiunoni na kuchukua jembe. Adélaïde alivua viatu. Orlane aliuliza kama majani ya maharage yatafukiwa au yatachomwa, Raihana akamwambia yatafukiwa, na wote watatu wakashuka upande wa migomba, wakaanza kukatua kutoka pembeni kwenda katikati.

Nyuma yao, peke yake kwenye mkeka, Népomuscène alikuwa bado anatafuna.